Daudi, Namba CCL-213

Ukitaka kumwagiza Daudi, namba yake ni CCL-213. Itaje kwa ghala la seli la ATCC lililoko Marekani, lipa mamia kadhaa ya dola, onyesha kwamba una maabara inayoeleweka, nao watakutumia kichupa kilichogandishwa chenye seli hai za binadamu. Ukiziyeyusha na kuziweka kwenye joto la nyuzi 37, ndani ya maji yenye sukari, chumvi na seramu ya damu ya ndama, zitaanza kugawanyika kana kwamba zililala jana tu. Kuhusu mtu zilikotoka, katalogi ina maelezo ambayo yangeenea nyuma ya stempu: mwanamume, Mweusi, miaka 16, limfoma ya Burkitt.

Nilisomea biolojia kabla ya kuhamia kwenye historia, na jina hili nililikuta kwenye jedwali la majaribio ya dawa. Majirani zake waliitwa K562 na U937. Huwezi kulikuta jina la Daudi mahali kama hapo, limeandikwa vilevile linavyoandikwa kwetu, ukapita tu. Nikaanza kuifuata njia yake kurudi nyuma, nayo ikanifikisha Nairobi, na kabla ya Nairobi, Kampala.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt, Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile. Jipu halishiki pembe nne kwa mpigo, na saratani alizozijua nazo hazifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama nje kupitia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Alipompima, akakuta uvimbe tumboni pia.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kwenye kumbukumbu zake michoro ya taya kama hizo. Akina mama waliozika watoto wao nao hawakuhitaji makala ya Burkitt ya mwaka 1958 ili wajue kwamba upo. Lakini makala ile ilikusanya vitu vilivyokuwa vimetawanyika, taya huku, figo kule, ini pale, ikasema huu ni ugonjwa mmoja. Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi, maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Waligundua kwamba unafuata joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo. Leo tunajua malaria ina mkono wake pale. Safari hiyo imesimuliwa sana. Mimi kinachonivuta zaidi kilitokea wodini.

Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Daktari wa upasuaji aliweza kuondoa taya ya mtoto, lakini uvimbe ulirudi, na mtoto akafa baada ya miezi michache. Kilichobaki kilikuwa dawa. Kuanzia mwaka 1960, kwa msaada wa Joseph Burchenal na Herbert Oettgen wa taasisi ya Sloan Kettering ya New York, Burkitt alianza kupata methotreksati. Ni dawa ya ukoo uleule ambao Sidney Farber wa Boston aliujaribu kwa watoto wenye saratani ya damu, akachapisha matokeo yake mwaka 1948.

Namna inavyofanya kazi ndani ya seli si ngumu kuelewa. Seli haiwezi kugawanyika bila kwanza kunakili DNA yake, na ili kuitengeneza inahitaji vitamini iitwayo folati. Kuna kimeng'enya kinachoitayarisha folati hiyo. Methotreksati inafanana na folati kiasi cha kumdanganya mlinzi: inaingia kwenye kimeng'enya kama ufunguo unaoingia kitasani lakini haugeuki, na ufunguo wa kweli unakosa nafasi. Seli isiyokuwa na haraka huvumilia. Seli yenye haraka hufa, na kati ya saratani zote za binadamu ni chache zenye haraka kama hii; seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ndiyo maana uvimbe uliweza kuanza kunywea ndani ya siku chache mbele ya macho ya mzazi. Na ndiyo maana pia dawa iliweza kuua kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Seli nyingi zikifa kwa pamoja, vyote vilivyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu, figo huelemewa, potasiamu hupanda, moyo husimama. Mtoto anakufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Hatari hiyo ikawa moja ya mambo yaliyochunguzwa kwa makini Kampala, katika kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya John Ziegler, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ziegler alipoondoka mwaka 1972, kazi ikashikwa na Mganda, Charles Olweny, aliyekiendesha kituo hicho katika miaka ya Idi Amin. Leo kinaitwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapo ndipo dunia ilipopata moja ya ushahidi wa mwanzo kwamba kuna saratani inayopona kwa dawa peke yake. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Ukosefu wa mashine ya mionzi ulichangia ugunduzi huo, jambo ambalo hotuba za tuzo huwa hazilitaji kwa sauti kubwa.

Daudi anaingia kupitia mlango mwingine.

Wakati madaktari wanatibu, vipande vya uvimbe vilikuwa vinasafiri. Tangu mwaka 1951, seli za HeLa, zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks huko Baltimore, zilikuwa zinaishi kwenye chupa za maabara. Lakini seli za ukoo wa damu zilikuwa zikikataa. Ziliishi siku kadhaa, zikafa. Wa kwanza kukubali walikuwa watoto wa Kiafrika wenye ugonjwa wa Burkitt. Mwaka 1963, Ibadan, R. J. V. Pulvertaft alifanikiwa kuzikuza seli za mvulana wa Kinaijeria wa miaka 11, zikaitwa Raji. Desemba mwaka huohuo, kipande kutoka Kampala kilikuwa njiani kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli hai zikielea moja moja. Miezi michache baadaye, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wa Trinidad walitangaza kirusi walichokiona ndani ya seli za namna hiyo, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kinaitwa Epstein-Barr. Achong, aliyeshughulikia hadubini ya elektroni, jina lake halikuingia.

Nairobi, Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo, alikuwa na wagonjwa wa Burkitt na dawa za kuwatibu. Aliona kwamba wachache walipona kwa dozi ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba miili yao yenyewe ilikuwa inasaidia. Jambo hilo liliwavuta Georg na Eva Klein, mume na mke, Wayahudi wa Hungaria waliokuwa wamehamia Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Damu na vipande vya uvimbe vikawa vinaruka kutoka Nairobi hadi Stockholm. Mwaka 1967, kutoka kwenye uvimbe wa tundu la jicho la kijana wa miaka 16, zilipatikana seli ambazo hazikukubali kufa. Maabara za miaka ile zilikuwa na desturi ya kuzipa seli jina la mgonjwa. Zikaitwa Daudi.

Nilipomsimulia bibi yangu habari hii, alinikatiza mapema.

“Daudi wa nani?”

“Haijaandikwa, bibi.”

“Mtoto mkubwa hivyo hana baba? Hana kwao?”

“Ana namba.”

Akaguna, akaendelea kupepeta mchele.

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwenye mihadhara. Ugonjwa huu kwa kawaida huwashika watoto wadogo, wa miaka minne hadi saba. Huyu alikuwa na 16. Kijana wa umri huo anaelewa lugha, anaulizika, anaweza kusema ndiyo au hapana. Kuomba ridhaa ya maandishi kwa ajili ya seli hakukuwa kawaida siku zile, Nairobi wala Ulaya, kwa hiyo sitaki kumhukumu Clifford kwa sheria zilizotungwa baadaye. Wala sitaki kuiita hadithi hii ya wizi, kwa sababu mikono iliyokata kipande ndiyo iliyotoa dawa. Ninachodai ni kidogo zaidi. Katalogi inajua ni protini zipi ziko juu ya seli zake. Haisemi kama alipona.

Na seli zenyewe zina ajabu yake. Karibu kila seli ya mwili wako hubeba juu ya utando wake molekuli zinazoiambia kinga ya mwili: mimi ni wa humu. Ni kama kitambulisho. Mwaka 1974 watafiti walionyesha kwamba seli za Daudi hazitengenezi protini moja ndogo, beta-2 mikroglobulini, na bila protini hiyo kitambulisho hakifiki juu. Daudi hana kitambulisho. (Nimejizuia nisiufanye mfano huu kuwa mkubwa; ni biokemia, si shairi.) Kasoro hiyo ilimfanya awe wa thamani kubwa, kwa kuwa mtafiti anayetaka kujua seli za kinga zinamtambuaje adui asiyekuwa na kitambulisho alimhitaji Daudi.

Kisha interferoni. Katika miaka ya 1970 dawa hiyo, inayotokana na silaha za asili za mwili dhidi ya virusi, ilitarajiwa kuwa mwisho wa saratani. Haikuwa. Lakini ili ujue inaizuiaje seli isigawanyike, unahitaji seli inayoihisi hata ikiwa kidogo sana, na hakuna nyingi zinazoihisi kama Daudi. Wakati huohuo kampuni ya Wellcome ya Uingereza ilikuwa inaizalisha interferoni kiwandani, kwenye matangi ya maelfu ya lita, kwa kutumia seli zilizoitwa Namalwa. Hizo nazo ni za mtoto wa Afrika Mashariki mwenye Burkitt. Seli za mtoto mmoja zikitengeneza dawa, za mwingine zikiipima.

Baadaye zikaja kingamwili zilizotengenezwa maabara. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hushika alama iitwayo CD20 juu ya seli za damu za aina ya B, kisha huita protini za kinga zije kutoboa matundu kwenye utando mpaka seli ipasuke. Kuangalia dawa za kundi hili zikipasua seli, watafiti wamezitumia mno Daudi na Raji. Daratumumabu ya saratani ya uboho, iliyoidhinishwa mwaka 2015, ilijaribiwa mwanzoni kwa seli za Daudi, kwa sababu alama inayoitafuta, CD38, imejaa juu yake. Mzee wa Ulaya anayetundikiwa dripu ya dawa hiyo leo ana deni kwa kijana wa Nairobi wa mwaka 1967, na hana namna ya kulijua.

Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la watoto wenye Burkitt na limfoma za karibu nayo zilizokomaa. Waliopewa tibakemikali peke yake, asilimia 82.3 walifika miaka mitatu bila ugonjwa kurudi wala janga lingine. Waliongezewa rituksimabu, ikawa asilimia 93.9. Watoto hao walitibiwa hasa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu, ambako ugonjwa huu ndiyo nyumbani kwake, watoto wanaopona wako chini sana ya hapo. Wanafika wamechelewa, wamekonda, wametibiwa jino kwa miezi. Nauli inaisha kabla ya dozi. Wodi moja ya watoto niliyoitembelea, muuguzi alinionyesha daftari la waliokatisha tiba; lilikuwa nene kuliko nilivyotaka liwe.

Shirika la Afya Duniani liliiweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. India inatengeneza nakala zake za bei nafuu tangu 2007. Mwaka 2021 madaktari wa Lilongwe, Malawi, walichapisha matokeo ya watu wazima wenye limfoma nyingine ya seli B, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waliopewa dawa hiyo pamoja na tibakemikali. Waliistahimili, na iliwasaidia. Yaani inawezekana, kwa vitanda vyetu na wauguzi wetu. Kutoka chupa ya Stockholm hadi kitanda cha Lilongwe ni zaidi ya miaka 50, na kipande cha uvimbe kutoka Nairobi kilifika Stockholm kwa ndege tu.