Kiapo cha Mwafi na Ungamo la Hasira katika Jamii ya Wanyakyusa

Katika nchi ya Wanyakyusa, Rungwe, mkoani Mbeya, mtu aliyeshtakiwa uchawi alinyweshwa mwafi, yaani dawa yenye sumu. Aliyetapika alihesabiwa hana hatia. Aliyeshindwa kutapika alihukumiwa kuwa mchawi. Kwa wenyeji, mwafi ulikuwa ushahidi kabla ya kuwa adhabu. Uchawi uliaminiwa kukaa tumboni kwa umbo la chatu. Kwa hiyo tumbo ndilo lililotakiwa kujibu shtaka.

Wamisionari wa Kijerumani walifika huko mwaka 1891, na utawala wa kikoloni baadaye ukapiga marufuku kiapo hicho. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, chini ya Waingereza, ilifanya hata kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Hata hivyo, Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta imani yenyewe ingali hai. Sheria iliondoa chombo cha hukumu, lakini tuhuma zikabaki. Mtuhumiwa aliokolewa na sumu, lakini akanyimwa njia ya kujisafisha mbele ya majirani.

Desturi ya pili haikuhitaji sumu. Iliaminiwa kuwa hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi kwa jamaa. Kwa hiyo, katika matambiko ya ukoo, waliogombana walipaswa kutamka ugomvi wao waziwazi, kisha kupuliza maji kutoka kinywani kama ishara ya kuitoa hasira hiyo. Radhi iliyotolewa kimoyomoyo haikutosha, ilibidi isikiwe. Huko Iringa, miongoni mwa Wahehe, tambiko la makaburini nalo liliwakutanisha wanaukoo mbele ya wahenga wao.

Tofauti ya desturi hizi ni ya msingi. Mwafi ulitafuta mkosaji mmoja na ungeweza kumwua asiye na kosa. Ungamo lilimtaka kila mgomvi aseme lililo moyoni. Kuziweka zote katika fungu moja la ushirikina, kama walivyofanya watawala wengi, ni kuficha tofauti hiyo. Marufuku ya mwafi ilikuwa na sababu ya haki, kwani iliokoa uhai. Upungufu wake ni kwamba mahakama ya kikoloni haikuwapa wanakijiji mahali pengine pa kusikilizana kuhusu hofu iliyowafarakanisha.