Urejeshaji: Nusu ya Pili ya Nakala Rudufu

Nakala rudufu ni nakala ya data inayowekwa kando na ile ya asili, ili ya asili ikifutwa, ikiharibika au ikiibiwa, kazi isisimame. Mafundi wengi huiita bakapu. Katika baadhi ya orodha za istilahi za kompyuta utaikuta pia kwa jina la chelezo, neno ambalo pwani linajulikana tangu zamani kwa maana ya boya. Hata hivyo nakala rudufu ndiyo iliyoshika zaidi, na inafaa, kwa kuwa kurudufu ni kukifanya kitu kiwe viwili.

Hapo ndipo maana yake inapokomea. Istilahi hii inataja kunakili tu. Haisemi lolote kuhusu siku nakala itakapohitajika. Kazi ya siku hiyo inaitwa urejeshaji: kuichukua nakala, kuiweka mahali pa data iliyopotea, na kuhakikisha mfumo unafanya kazi kama ulivyokuwa. Kati ya urejesho na urejeshaji nachagua urejeshaji, kwa sababu kiambishi -aji hubeba tendo lenyewe na namna linavyotendwa, na hapa tunazungumzia kazi yenye hatua zake, muda wake na mtu wa kuifanya. Kutokana nayo tunapata istilahi ninayotaka kuitetea: jaribio la urejeshaji, yaani kuirejesha nakala kwa makusudi, kabla ya maafa, ili kuona kama inarejesheka.

Umuhimu wake unaonekana wazi katika mkasa wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu misimbo yao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 fundi wake mmoja alikuwa akihangaika na seva ya pili ya hifadhidata, iliyokuwa imeachwa nyuma na seva kuu. Akaamua kuifuta folda ya data ya seva hiyo ya pili ili aanze upya. Punde akagundua kwamba amri ameitoa kwenye seva kuu. Alipoikatiza, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5.

Kwa mipango yake, GitLab ilikuwa imejikinga vya kutosha. Kila siku hifadhidata ilitakiwa inakiliwe na kupelekwa kwenye hifadhi ya Amazon. Mafundi walipoifungua hifadhi hiyo, hawakukuta kitu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila ilipoanza ilikwama na kuacha. Barua pepe za kutangaza kwamba imekwama zilitumwa, lakini zilikataliwa kwa kukosa saini ya kielektroniki iliyotakiwa, na hakuna aliyezisoma. Huduma ya Azure ya kunakili diski nayo haikuwa imewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichobaki ni nakala ya diski ambayo fundi alikuwa ameichukua saa sita kabla, ili aipakie kwenye mashine za majaribio. Kuihamisha kulichukua saa kama 18, kwa sababu diski za mashine hizo zilikuwa za mwendo mdogo. Yaliyoingizwa kwenye hifadhidata katika zile saa sita yalipotea, zikiwemo kumbukumbu za miradi takriban 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700.

GitLab iliyaeleza haya yote hadharani, na ndani ya maelezo yake mna funzo ambalo ni rahisi kupitwa nalo. Nakala iliyowaokoa haikupangwa kwa ajili ya uokoaji. Ilikuwa ya aina inayopakiwa mara kwa mara kwenye mashine za majaribio, kwa hiyo ilizoea kurejeshwa. Kama ingekuwa mbovu, watu wangekwama kazini na kuuliza. Ile ya Amazon hakuna kazi iliyoitegemea, na ubovu wake ukakaa kimya hadi siku ya maafa. Kati ya hatua ambazo kampuni ilijiwekea baadaye ni kujaribu urejeshaji wa hifadhidata kwa utaratibu unaojiendesha wenyewe.

Istilahi ya jirani ni nukta ya kurejesha, ambayo watumiaji wa Windows wameijua tangu toleo la Me la mwaka 2000. Hii ni kumbukumbu ya hali ya mfumo kwa wakati fulani: mafaili ya mfumo, sajili yake, viendeshaji na programu zilizosakinishwa. Jina lake huwapoteza wengi, maana hairejeshi nyaraka wala picha. Mwanafunzi aliyefuta tasnifu yake hataipata humo. Tena nukta hizi hukaa kwenye diski ileile zinayoilinda. Diski ikifa, zimekufa nayo. Nafasi iliyotengwa ikijaa, za zamani hufutwa ili kupisha mpya. Programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fedha mara nyingi huanza kwa kuzifuta. Na katika kompyuta nyingi huduma yenyewe huwa imezimwa bila mwenyewe kujua.

Kuijaribu si kazi kubwa. Kwanza nakili nyaraka zako mahali pengine, kisha hakikisha kwenye mipangilio kwamba ulinzi wa mfumo umewashwa kwa diski kuu. Tengeneza nukta mpya, sakinisha programu ndogo isiyo na madhara, halafu urejeshe mfumo kwenye nukta hiyo. Ile programu inapaswa kutoweka na nyaraka zako zibaki zilivyo. Jaribio likishindikana leo, una nafasi ya kutafuta sababu kwa utulivu.

Kwa nakala rudufu, jaribio lina ngazi tatu. Ya kwanza ni kuangalia kama nakala ipo: ina tarehe gani, ina ukubwa gani, na je, imepungua ghafla kuliko ya juzi? Hata ngazi hii peke yake ingetosha kuibua tatizo la GitLab. Ya pili ni uzima wake. Mbinu kama SHA-256 husoma faili lote na kutoa alama 64 za kulitambulisha; herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama hizo hubadilika. Alama za asili zikilingana na za nakala, unajua kunakili kulikwenda sawa. Lakini hujui zaidi ya hapo, kwa maana asili ikiwa imeharibika tayari, nakala itakuwa imeharibika vilevile na alama zitalingana.

Ngazi ya tatu ndiyo jaribio lenyewe: kurejesha nakala nzima kwenye mashine nyingine, kamwe si juu ya data inayotumika, na kuifanyia kazi. Hapa fundi pekee hatoshi. Chukua SACCOS inayotunza hesabu za wanachama kwenye kompyuta. Fundi ataona hifadhidata imefunguka na kuridhika. Mhasibu ndiye atakayeona kwamba marejesho ya mikopo ya mwezi uliopita hayamo. Papo hapo maswali mengine hujitokeza. Nywila ya kufungulia nakala iko wapi, au nayo imehifadhiwa kwenye kompyuta iliyoungua? Toleo la programu ya uhasibu linaloweza kuisoma nakala hii bado linapatikana? Na kazi yote imechukua muda gani? Ikiwa ni siku tatu, uongozi uamue mapema kama wanachama wanaweza kusubiri siku tatu kabla ya kupata akiba zao.

Sheria nazo zimeanza kulitazama jambo hili kutoka upande wa urejeshaji. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinataka izingatiwe, miongoni mwa hatua nyingine, uwezo wa kurejesha data binafsi, na watu kuifikia, kwa wakati baada ya hitilafu. Kinataja pia hatua ya kuthibitisha kwamba kinga zilizowekwa zinatekelezwa ipasavyo. Faili lililolala kwenye diski ya nje halithibitishi uwezo huo. Unathibitishwa na mtu aliyelirejesha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoandika taratibu za ofisi, mikataba ya mafundi na majukumu ya kazi ni hili: palipo na sentensi inayosema nakala rudufu zitachukuliwa kila siku, iongezwe nyingine inayosema zitafanyiwa jaribio la urejeshaji kila robo mwaka. Matokeo yaandikwe kwenye daftari: tarehe, aliyerejesha, muda uliotumika, na kilichokosekana. Kisha mkuu wa ofisi akiuliza kama data ziko salama, ajibiwe kwa kutajiwa siku ziliporejeshwa mara ya mwisho na jina la aliyezirejesha.