Nyumba ya Fito katika Old Moshi

Zikitajwa habari za majengo ya kale katika Old Moshi, wengi hukumbuka yale ya mawe waliyoyaacha Wajerumani na wamisionari. Hayo yastahili kutajwa. Walakini yalikuta huko mlimani nyumba nyingine, iliyojengwa kwa miti, fito, kamba na nyasi, pasipo msumari hata mmoja.

Nyumba hiyo ya Mchaga ilikuwa ya mviringo, yenye kilele, na maezeko yake yalishuka mpaka karibu na ardhi, hata usiweze kusema ukuta wakoma wapi na paa laanzia wapi. Nguzo za ndani zilibeba uzito. Fito zilipindwa na kuzungushwa, duara juu ya duara, zikafungwa kwa kamba, kisha zikafunikwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba. Dirisha halikuwako. Ndani mlikuwa na mafiga, mahali pa kulala, zizi la ng'ombe na mbuzi, na juu ya moto dari ya kuwekea kuni na chakula. Mgeni aliyeingia na kukohoa yamkini alidhani kwamba wenyeji hawakujua dirisha ni nini. Kumbe moshi ule ulikausha kuni na kuwafukuza wadudu walao miti na nyasi. Ng'ombe nao walitia joto usiku wa baridi, na asubuhi samadi yao ilipelekwa migombani.

Sasa tutazame Uingereza. Katika jimbo la Cheshire iko nyumba ya miti iitwayo Little Moreton Hall, iliyoanzwa mapema katika karne ya 16. Mihimili yake ya mwaloni imeunganishwa kwa ndimi na matundu na kukazwa kwa vigingi vya mti, na nafasi katikati zilijazwa fito na udongo, kama nyumba nyingi za huku kwetu. Baadaye waliongeza juu yake ukumbi mrefu wenye paa la mabamba ya mawe, uzito ukaipinda nyumba nzima, nayo imepinda hata leo. (Fundi wa Old Moshi angaliwaonya!) Seremala Richard Dale alichonga jina lake hapo mwaka 1559. Wajenzi wetu hawakuchonga majina.

Mwaka 1911 reli ilifika tambarare, mji ukashuka na jina lake, na huko juu pakabaki Old Moshi. Kahawa ikaleta fedha, fedha zikaleta mabati. Nyasi nazo zikaadimika kadiri watu walivyoongezeka. Siwalaumu. Nani atakubali kulala katika moshi ili kuwafurahisha wanahistoria?

Ninayoilalamikia ni hesabu yetu ya ukale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lakini nyumba ya fito huezekwa upya, nguzo iliyooza hung'olewa, na kila kizazi hujenga yake: ukale wake umo katika mikono ya wajenzi, wala haumo katika mti. Hata ile ya Cheshire imetiwa miti mipya mara kwa mara, na hapana aliyesema kwamba kwa hiyo si ya kale.

Huko Marangu imejengwa nyumba ya mfano ili wageni waitazame. Ni jambo jema. Ila nyumba ya namna hii ikikosa moto wa kila siku, wadudu huingia katika fito, na aliyejua kuzifunga upya asipokuwapo, nyasi huanza kuporomoka kutoka juu.