Nguva Naye Hufa Maji

Ukitazama bahari kutoka ufukweni, ni rahisi kumhesabu nguva kuwa samaki. Lakini hana matamvua. Ana mapafu kama sisi, hunyonyesha mtoto wake, na kila baada ya dakika chache hana budi kuacha nyasi za bahari anazokula apande juu kuvuta hewa. Ndiyo maana jarife, wavu wa kuvulia, humuua hata lisipomjeruhi: likimnasa chini, anakufa maji.

Yupo atakayeuliza: mnyama wa baharini atakufaje maji, ilhali sili wa Weddell huishi chini ya barafu ya Antaktika na huweza kukaa saa nzima bila kupumua? Mfano huo ndio unaotia hoja nguvu. Sili huyo hutoa pumzi kabla ya kupiga mbizi. Oksijeni ameiweka akiba katika damu yake nyingi na katika misuli, mapigo ya moyo hupungua, na tundu lake la kupumulia hulikwangua kwa meno lisigande. Hata yeye, tundu likiziba, hufa. Nguva hana akiba kama hiyo, wala hakuumbiwa dari. Juu ya malisho yake pamekuwa wazi tangu azali. Jarife lililotegwa usiku ndilo barafu yake, na tundu hakuna.