Suruali ya malaika: istilahi na vazi lenyewe

Suruali ya malaika ni vazi linalovaliwa juu ya suruali nyingine, lililoshonwa kwa kitambaa chepesi cha nailoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kikajazwa malaika, yaani yale manyoya mororo yasiyo na uti ambayo bata na bata bukini huyaota kifuani na tumboni chini ya manyoya yao ya nje. Limekusudiwa hasa wawindaji wa nchi za kaskazini ambao hukaa porini alfajiri nzima bila kujongea, ingawa leo huvaliwa pia na wapanda milima, na kupitia marobota ya mitumba hufika hata mahali ambapo hakuna anayewinda kwenye theluji, Goma ikiwa mojawapo. Mkazi wa Murara, katika komini ya Karisimbi, anaweza kuikuta imetundikwa kibandani kati ya makoti ya mvua na suruali za jinzi, na muuzaji akaitaja kwa jina lolote linalomjia kwanza.

Majina hayo hayalingani. Ikiitwa suruali ya manyoya, mnunuzi hajui ni manyoya gani, kwa kuwa neno hilo hubeba kwa pamoja sufu ya kondoo, ngozi ya mnyama iliyobaki na nywele zake, na manyoya magumu ya kuku ambayo hujazwa kwenye mito ya bei rahisi. Ikiitwa suruali nzito, jina linapingana na vazi, kwa sababu sifa yake kubwa ni wepesi, kiasi kwamba suruali kamili ya mtu mzima huenda isifike hata kilo moja. Jina la suruali ya baridi nalo linataja tatizo bila kutaja dawa yake, na kama itakavyoonekana, hilo ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi zaidi. Waliosoma Kifaransa, ambao Goma si wachache, wana neno duvet, lakini neno hilo kwa Wafaransa ni manyoya mororo na pia ni mfuko wa kulalia, na kwa Waswisi ni mfarishi wa kitandani, maana ambayo ndiyo iliyoshika mizizi Kenya.

Kiswahili kina neno lake, nalo ni malaika, ambalo kwa kawaida hutumika kwa vinyweleo laini vya mikononi na miguuni mwa binadamu. Kulipanua hadi kwenye manyoya mororo ya ndege si kulilazimisha, maana kinachotajwa ni kilekile: ule uotaji mwepesi ulio karibu kabisa na ngozi, tofauti na nywele au manyoya yanayoonekana kwa mbali. Atakayehofia kuwachanganya na malaika wa mbinguni atulie, kwa kuwa sarufi yenyewe imeshawatenga: wale ni malaika walioshuka, hizi ni malaika zilizojazwa. Katika makala haya basi suruali ya malaika itakuwa istilahi ya vazi hili, na neno kihamijoto litataja kitu chochote kinachozuia joto la mwili lisitoroke, kiwe malaika, sufu au poliesta.

Malaika hazina joto lake zenyewe. Kila moja ni kishada cha nyuzi nyembamba sana zinazotawanyika kutoka kwenye kitovu kimoja kwenda pande zote, na kati ya nyuzi hizo hewa hunaswa ikakosa pa kuzungukia. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida mno, kwa hiyo joto linalotolewa na mwili hubaki karibu na ngozi. Hapa ndipo panapopatikana kipimo ambacho watengenezaji hukichapa kwenye lebo kwa tarakimu kama 550, 650 au 800, na ambacho kwa Kiswahili kinafaa kuitwa kiwango cha kuumuka, kwa kuazima neno la waoka mikate. Tarakimu hiyo hueleza ni inchi ngapi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya malaika, yaani takriban gramu 28, baada ya kuachwa zifumuke ndani ya chombo cha kupimia. Malaika za kiwango cha 600 hujaza karibu lita 10 na za kiwango cha 800 karibu lita 13. Kiwango kikubwa hakimaanishi kwamba suruali ni ya joto zaidi, bali kwamba joto lilelile limepatikana kwa uzito mdogo zaidi. Suruali ya kiwango cha 550 iliyojazwa vizuri huishinda ile ya 800 iliyojazwa kwa ubahili, na ni jambo la kusikitisha kwamba matangazo ya biashara hupenda kutaja tarakimu ya kwanza na kunyamazia uzito wa malaika zilizotiwa.

Kwa upande wa uwindaji, Kiswahili kimebahatika kuwa na vitenzi vinavyogawa kazi hiyo kwa usahihi kuliko maelezo mengi ya wauzaji. Anayesaka hutembea na hata kukimbia, anayenyatia husogea hatua kwa hatua, na anayevizia hukaa mahali pamoja akingoja mnyama apite. Suruali ya malaika ni vazi la kuvizia. Msakaji akiivaa atatoka jasho, jasho litaingia kwenye malaika, na akisimama kupumzika atapata baridi kali kuliko kama asingeivaa kabisa. Ndiyo maana wawindaji wenye uzoefu huibeba imekunjwa ndani ya mkoba na kuivaa wanapofika kwenye maficho yao. Kutokana na desturi hiyo hutokea masharti ya ushonaji ambayo mwenye kuchagua hana budi kuyatazama: zipu za pembeni zifunguke kuanzia kiunoni hadi kifundoni ili vazi lipite juu ya buti bila kuzivua, kiuno kiwe kipana cha kutosha kupokea suruali ya ndani, na kitambaa cha nje kisichakarike, kwa kuwa kulungu wa kaskazini husikia mchakacho wa nailoni kabla ya kuona mtu. Makalio na magoti ni sehemu dhaifu ya kila suruali ya namna hii, maana malaika zilizokandamizwa hazina hewa na zisizo na hewa hazikingi kitu, hivyo mviziaji hulazimika kukalia kipande cha sponji hata akiwa amevaa vazi la bei ghali.

Vazi hili halina historia ndefu. Mpanda milima George Finch alijaribu kupanda Everest mwaka 1922 akiwa na koti la malaika za bata wa bahari ya kaskazini lililoshonwa kwa kitambaa cha puto, na inasemekana wenzake waliozoea sufu na twidi walimcheka kabla ya kumwonea wivu. Nchini Marekani Eddie Bauer, mfanyabiashara wa Seattle aliyenusurika kufa kwa baridi akiwa safarini kuvua samaki, alianza kuuza koti la malaika mwaka 1936 na kupata hataza yake mwaka 1940. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, kampuni yake ililishonea jeshi la anga makoti na suruali za aina hiyo kwa ajili ya marubani, na baada ya vita mavazi hayo yakarudi kwa wawindaji.

Goma hali ni nyingine. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nao hauhitaji zaidi ya sweta. Uwindaji ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Albert, umekatazwa, na nje ya hifadhi unatawaliwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Wanaokutana na baridi ya kukaa bila kujongea ni wengine: walinzi wa hifadhi wanaolala doria, wataalamu wa volkano, na wapagazi ambao, katika miaka ambayo njia ilikuwa wazi, waliwapandisha wageni kutoka Kibati hadi ukingoni mwa volkano ya Nyiragongo, kwenye mita 3,470, na kulala huko. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000 za kupanda, usiku wa kileleni hushuka hadi nyuzi 2 au 3, upepo ukivuma na mvua ikinyesha au ukungu ukilowesha kila kitu.

Hapa ndipo jina la suruali ya baridi linapomdanganya mtu. Baridi ya Nyiragongo ni baridi ya maji, ilhali baridi ya Manitoba au Minnesota mwezi wa Januari, ambako baadhi ya wakimbizi wa Kivu Kaskazini wamepelekwa kuanza maisha mapya, ni baridi kavu ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambamo theluji hukung'utwa kama vumbi kabla haijayeyuka. Malaika zikilowa hushikana, vishada hulala, hewa hutoka, na maji yanayochukua nafasi yake hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Poliesta iliyotengenezwa kuiga malaika ni nzito kidogo na haikunjiki vizuri mkobani, lakini ikilowa hubaki na sehemu kubwa ya ujazo wake na hukauka upesi. Kwa maneno mengine, vazi linalomfaa mviziaji kwenye barafu laweza kumwangusha mpagazi aliye katika baridi ndogo zaidi.

Suruali iliyofika Goma ndani ya robota mara nyingi imepoteza lebo ya bei na maelezo, lakini lebo ya kufulia huwa bado imeshonwa kiunoni kwa ndani, nayo husema mengi: kwa Kifaransa duvet ni malaika na plumes ni manyoya yenye uti, kwa Kijerumani ni Daunen na Federn, na asilimia ya kila moja huandikwa kando yake, 80 kwa 20 ikiwa nzuri na 90 kwa 10 ikiwa bora. Lebo ikiwa imekatwa, vidole vinatosha. Paja la suruali libanwe kiganjani kisha liachwe. Likiumuka mara moja, malaika bado zina uhai. Vidole vikikutana na vijiti vinavyochoma, humo mmejaa manyoya ya uti. Vikikutana na madonge, vazi lilifuliwa na halikukaushwa vizuri, kosa linalorekebishika kwa siku kadhaa za jua na uvumilivu wa kupasua donge moja moja kwa mkono. Mwishowe suruali iinuliwe kuelekea mwanga, na pale mwanga unapopenya kwenye mshono pana mwanya wa baridi. Suruali za baridi kali sana hushonwa kwa kuta ndogo za ndani zinazotenganisha vyumba, ili kitambaa cha nje na bitana visikutane. Matundu yenye kingo zilizoyeyuka ni alama za cheche, na mwenye kupikia jiko la makaa ajue kwamba nailoni haisamehe.

Kwa anayejiandaa kuhamia kwenye baridi kavu, suruali ya malaika yenye zipu ndefu na kuta za ndani inastahili bei yake hata ikiwa imevaliwa miaka mingi. Kwa mlinzi au mpagazi wa Nyiragongo, poliesta juu ya suruali ya sufu, na koti la mvua juu ya vyote, ndilo chaguo sahihi.