Sosholojia katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino
Shahada ya kwanza inayofundishwa Nyegezi, Mwanza, katika chuo cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Chuo kilitokana na taasisi ya mafunzo ya jamii ya mwaka 1960. Kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Katika chuo cha kanisa somo hili lina uzito wa pekee. Mwanasosholojia Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912, aliiona dini kuwa zao la jamii yenyewe. Muumini anaweza, na kwa hakika anapaswa, kumsoma kwa makini bila kuiacha imani yake: sosholojia huchunguza maisha ya waumini, haiamui kama Mungu yupo. Kanisa lenyewe nalo limeyatafakari masuala ya jamii: waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 ulijadili ujira na haki za wafanyakazi.