Magari ya mtumba yanavyowatoa jasho wenyewe Kisumu na viunga vya Ziwa Victoria

KWA familia nyingi za Kisumu, Siaya na Homa Bay, gari la kwanza nyumbani huwa ni gari lililowahi kumilikiwa na mtu mwingine. Hununuliwa kwa mkopo wa chama cha ushirika au kwa akiba ya miaka kadhaa. Linatarajiwa kuwapeleka watoto shuleni, kumfikisha mgonjwa hospitalini na kuwabeba jamaa hadi mashambani kunapotokea mazishi.

Hata hivyo, si wachache wanaogundua baada ya miezi michache tu kwamba gari hilo limegeuka kupe. Leo ni giaboksi, kesho ni rejeta, na mtondo ni taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi bila fundi yeyote kujua sababu yake. Karo ya shule huishia gerejini, nayo familia hurudi kwenye tuktuk na bodaboda huku mkopo ukiendelea kukatwa kwenye mshahara.

Tatizo hili si la bahati mbaya pekee. Lina vyanzo vinavyoeleweka, na mnunuzi anayevifahamu anaweza kuepuka hasara kubwa.

Safari kutoka Japani

Magari mengi ya binafsi yanayosajiliwa nchini kwa mara ya kwanza huwa yametumika Japani. Sababu mojawapo ni kwamba Japani huendesha magari upande wa kushoto wa barabara kama Kenya, hivyo usukani huwa upande wa kulia. Sababu nyingine ni sheria za Japani zenyewe. Gari jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni ghali, na wamiliki wengi huona afadhali kuuza gari mapema kuliko kulitengeneza ili lipite.

Kiwango cha Kenya kijulikanacho kama KS 1515:2000, kinachosimamiwa na Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa mfano, mwaka 2025 yaliruhusiwa magari yaliyosajiliwa mwaka 2018 au baadaye. Aidha, gari hukaguliwa huko huko linakotoka kabla ya kupakiwa melini kuelekea bandari ya Mombasa.

Sheria hiyo ina athari ambayo wengi hawaitambui. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) hupunguza thamani ya gari kadiri linavyozeeka, kwa hivyo gari lililokaribia mwisho wa miaka minane hutozwa ushuru mdogo kuliko lenye umri mdogo. Pamoja na ushuru wa forodha, uliopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea injini na ushuru wa thamani wa asilimia 16. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa kipato cha kadiri huvutwa kuelekea gari kuukuu zaidi linaloruhusiwa.

Hata hilo, wengi wa kando ya ziwa hawalimudu. Wao hununua gari ambalo limeshatumika Nairobi au Mombasa kwa miaka mitano au kumi zaidi. Ikumbukwe kwamba herufi za nambari ya usajili huonyesha wakati gari liliposajiliwa Kenya, wala si mwaka lilipoundwa. Gari lenye nambari inayoonekana kuwa ya juzi laweza kuwa na umri wa miaka minane zaidi ya anavyodhani mnunuzi.

Kutoka Peugeot hadi Probox

Wazee wa Kisumu hupenda kulinganisha magari ya sasa na Peugeot 504. Gari hilo la Ufaransa, lililoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978, lilikuwa na toleo refu lenye safu tatu za viti, na kwa miaka mingi lilikuwa gari la familia na la uchukuzi pia. Injini yake ilikuwa na kabureta na nyaya chache, na fundi mwenye spana na bisibisi aliweza kulifufua kando ya barabara.

Soko la magari yaliyotumika lilipopanuka katika miaka ya 1990, magari ya Japani yalichukua nafasi hiyo. Toyota Probox, iliyoanza kuundwa mwaka 2002 kama gari la kubebea mizigo midogo, imekuwa maarufu mno katika barabara za Siaya, Homa Bay na Migori kwa sababu ya uvumilivu wake. Familia zinazotaka nafasi na starehe zaidi huchagua Toyota Wish, Toyota Noah, Nissan X-Trail, Nissan Note, Subaru au Volkswagen. Ni katika kundi hili ambamo malalamiko huwa mengi, kwa kuwa magari hayo yana mitambo tata isiyovumilia matunzo duni.

Hitilafu zinazojirudia

Hitilafu ya kwanza inahusu giaboksi. Magari mengi madogo ya Japani yaliyoundwa tangu miaka ya 2000 hutumia giaboksi aina ya CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili. Giaboksi hiyo huhitaji oili yake maalumu. Ikiwekwa oili ya giaboksi ya kawaida, mkanda huteleza, gari hutetemeka likianza kuondoka, na hatimaye hukataa kabisa kusonga. Udhaifu wa giaboksi hizi haukuonekana Afrika pekee. Mwaka 2009, kampuni ya Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya giaboksi za CVT nchini Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari yaliyouzwa kama ya miaka ya 2003 hadi 2010.

Ya pili ni ya injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mitsubishi ilianza kuziuza mwaka 1996 kwa jina la GDI, na Toyota ina zake ziitwazo D-4. Injini hizi hupunguza matumizi ya mafuta, lakini pampu yake ya shinikizo kubwa huharibiwa upesi na petroli chafu. Isitoshe, petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha, hivyo masizi hujikusanya hapo na injini huanza kukosa nguvu.

Uchafu wa mafuta si jambo la kubuni. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walaghai walichanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli kwa kuwa ya taa yalikuwa na bei nafuu. Ndiyo maana mwaka 2018 Serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya ulaghai huo.

Ya tatu ni joto la injini. Mji wa Kisumu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya joto mwaka mzima. Kericho, ulio karibu kilomita 80 kutoka hapo, uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Gari lenye rejeta iliyoziba au feni dhaifu laweza kuzunguka mjini kwa miezi bila kulalamika, kisha likachemka siku familia inapoelekea Nairobi, likiwa limejaa watu na mizigo. Dereva akiendelea kuliendesha, gasketi ya kichwa cha injini huungua.

Tatizo hili huzidishwa na desturi mbili. Wenye magari wengi hujaza rejeta kwa maji ya mfereji au ya kisima badala ya maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu. Nao baadhi ya mafundi huondoa themostati wakiamini kwamba inasababisha joto. Kwa kweli, injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto linalofaa, nayo kompyuta ya gari huongeza petroli kana kwamba injini ingali baridi. Mwenye gari hulalamika kwamba linakunywa mafuta, asijue kwamba chanzo ni matengenezo yenyewe.

Ziwa nalo lina lake

Unyevu wa kando ya ziwa huharakisha kutu kwenye viunganishi vya nyaya na sakafu ya gari. Hatari ni kubwa zaidi kwa magari yaliyowahi kuingiwa na maji. Kati ya mwisho wa 2019 na 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita kiasi na kufurika fuo nyingi, na mafuriko yakarudi mwaka 2024. Gari lililozama huoshwa, likakaushwa na kuuzwa, lakini maji yaliyobaki kwenye soketi za nyaya huleta hitilafu za umeme zinazokuja na kutoweka kwa miaka.

Jambo jingine linahusu uhai wenyewe. Mifuko ya hewa ya usalama iliyoundwa na kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ambayo hudhoofika ikikaa muda mrefu penye joto na unyevu. Mfuko kama huo unaweza kulipuka wakati wa ajali na kurusha vipande vya chuma kwa abiria. Magari ya kampuni nyingi yaliitwa yarejeshwe kuanzia mwaka 2008, na mwaka 2017 Takata ilifilisika. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani katika kipindi hicho yaliuzwa nje, na hali ya hewa ya ukanda wa ziwa ni ya aina ile ile inayoongeza hatari. Kampuni za magari huwezesha mtu kutumia nambari ya chesisi kuthibitisha iwapo gari lake lilibadilishiwa mifuko hiyo.

Mafundi na vipuri

Mafundi wa juakali wa Kibuye na Kondele wana ujuzi mkubwa wa magari ya kawaida, na bila wao magari mengi yangekuwa yamesimama. Lakini gari la kisasa huongozwa na kompyuta, na si kila gereji iliyo na mashine ya kusoma hitilafu. Pasipo mashine hiyo fundi hukisia: hubadilisha plagi, kisha koili, kisha pampu, na kila jaribio hulipiwa na mwenye gari. Rahisi huwa ghali.

Vipuri vya Toyota hupatikana mjini kwa urahisi. Vya magari yasiyo ya kawaida huagizwa kutoka maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na gari husubiri. Mara nyingi kipuri chenyewe ni cha mtumba kilichong'olewa kwenye gari jingine, nacho huja bila dhamana.

Hila za wauzaji

Hila iliyo maarufu zaidi ni kurudisha nyuma mileji. Cheti cha Japani cha kuruhusu gari kuuzwa nje huandikwa mileji yake, hivyo mnunuzi anapaswa kudai nakala na kulinganisha. Usukani uliong'aa kwa kushikwa, kiti cha dereva kilichobonyea na pedali zilizolika haviendani na kilomita 60,000.

Hila nyingine ni kuuza gari la uchukuzi kama la familia. Probox iliyobeba abiria kupita kiasi kwa miaka mitatu huwa na springi zilizolegea na milango ya nyuma iliyochoka, hata ikipakwa rangi mpya. Vilevile, gari laweza kuwa limewekwa rehani. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) huonyesha mmiliki halisi na iwapo benki au mkopeshaji ana haki juu ya gari.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 nayo humwajibisha mfanyabiashara kwa ubora wa anachouza. Ulinzi huo humhusu zaidi muuzaji wa kibiashara, si jirani anayeuza gari lake moja. Mwenye dai lisilozidi Sh1 milioni anaweza kulipeleka katika Mahakama ya Madai Madogo, zilizobuniwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Ili dai lisimame, ni lazima pawe na mkataba wa maandishi, risiti na ripoti ya fundi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi makini huenda na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji. Huomba injini iwashwe ikiwa baridi, kwa kuwa injini iliyopashwa moto huficha moshi na milio. Huchunguza mashine ya kompyuta inasema nini, rangi ya oili ya giaboksi, maji ya rejeta na dalili za matope chini ya mazulia. Kisha hulipandisha gari mlima, mathalani wa Riat kwenye barabara ya Kakamega, huku akitazama geji ya joto.

Jambo la mwisho ni hesabu. Asitumie fedha zote kununua gari. Abakize akiba ya kubadilisha oili zote, mikanda, breki na tairi katika miezi ya mwanzo. Na kwa aliyekwisha kununua gari lisilotulia, swali la kujiuliza si ni kiasi gani ameshatumia, kwa kuwa fedha hizo hazirudi. Swali ni iwapo matengenezo yajayo yatazidi bei ambayo gari lingeuzwa likiwa zima. Yakizidi, ni heri kuliuza kwa uwazi, kasoro zake zikiwa zimeandikwa kwenye mkataba, kuliko kuendelea kulilisha karo ya watoto.